Pombe ya Leo, Si ya Juzi

Wapenzi wa bia wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wamepata shughuli mpya. Chupa ileile ya kila siku haiwatoshi tena. Wanataka kujua kiwanda kidogo gani kimetoa bia gani mwezi huu, imepikwa kwa kimea gani, uchungu wake ukoje, na aliyeipika ni nani. Bateleur ya Nairobi, Banange ya Kampala na Crafty Dee's ya Dar es Salaam zina wafuasi wa namna hiyo, watu wanaoona aibu kukutwa hawajaonja kilichotoka wiki iliyopita. Maelezo ya kawaida ni kwamba shauku hii imetua kwetu kutoka Marekani na Ulaya, pamoja na glasi zake zenye mashina na msamiati wake wa harufu. Maelezo hayo ni nusu tu ya ukweli. Mtu akiichunguza historia ya pombe katika uwanda wa kati wa Tanzania, na hasa kando ya Dodoma, mahali kama Kizota, atakuta kwamba kuifuatilia pombe mpya ndiyo desturi kongwe zaidi hapa. Kilicho kigeni ni kipindi kifupi, miaka tisini hivi, ambacho bia moja isiyobadilika imehesabiwa kuwa ndiyo bia yenyewe.

Kizota ipo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma. Wengi wanaifahamu kwa ukumbi ambako Chama Cha Mapinduzi kilifanyia Mkutano Mkuu wake wa Novemba 2012, na kwa maghala makubwa ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Maghala hayo yanafaa kutangulizwa, kwa sababu historia ya pombe hapa ni historia ya nafaka. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili, na iko miaka ambayo haifiki hata hapo. Mahindi hukaukia shambani kwa mvua ya namna hiyo. Mtama na uwele hustahimili, na ndizo nafaka ambazo Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wamezitegemea vizazi kwa vizazi. Mavuno yakishaingia, kuanzia Mei na kuendelea, hufuata karibu miezi sita ya kiangazi ambayo jembe limepumzika na vilindo vina kitu. Jando, harusi, matambiko ya kuomba mvua na ujenzi wa nyumba vilipangwa humo, na kila kimoja kilidai pombe. Ujimbi, pombe ya Wagogo, haukuwa kinywaji cha mwaka mzima. Ulikuwa na msimu, na msimu wenyewe ulifunguliwa na nafaka mpya, kiasi kwamba hata mtu asiyejali sana ladha alijua pombe ya Juni imetokana na shamba la mwaka gani.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita Ugogo, nchi ya Wagogo, na mwenzake John Speke mwaka 1857, wakielekea Ziwa Tanganyika. Kitabu alichokichapisha mwaka 1860 kimejaa dharau kwa watu aliowakuta, na msomaji wa leo ana haki ya kukasirika. Lakini juu ya upishi wa pombe katika nchi za bara alizozipita ni shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa alitazama kazi na kuieleza hatua kwa hatua. Anasema nusu ya mtama au nafaka nyingine iliyokusudiwa pombe ilifukiwa au kulowekwa hadi ichipue, kisha ikatwangwa na kuchanganywa na nusu ya pili iliyosagwa unga, mara nyingine na asali kidogo. Mchanganyiko ulichemshwa mara mbili au tatu katika vyungu vikubwa, ukachujwa kwa mfuko wa ukili kama ilitakiwa pombe nyeupe isiyo na machicha, ukaachwa uchachuke. Baada ya siku ya tatu, anaongeza, ilikuwa chachu kama siki. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ushahidi mzito kuliko yote kwa hoja hii. Pombe inayogeuka siki baada ya siku tatu haiwezi kuwekwa stoo, haiwezi kupandishwa treni, haiwezi kuwa na jina moja katika mikoa kumi. Anayeitaka ni lazima ajue imepikwa wapi na itaiva lini, na akikosea kwa siku mbili amekosa kila kitu.

Tena pombe hiyo haikuwa moja. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa kuliko wanga wa shayiri, karibu nyuzi 70 za Selsiasi, na joto hilo huanza kuviharibu vimeng'enya vya kimea vinavyotakiwa kuugeuza wanga kuwa sukari. Mpishi akichemsha vyote pamoja, kimea kinakufa kabla ya kufanya kazi; asipochemsha kabisa, wanga haufunguki. Wapishi wa pombe za mtama Afrika Mashariki walikuwa na jibu la fumbo hilo kabla maabara yoyote haijalieleza. Walipika uji wa unga usio na kimea, wakauacha upoe kwa kiasi ambacho mkono unavumilia, ndipo wakatia kimea. Hakukuwa na kipimajoto ila ngozi ya mpishi, na kila mpishi alikuwa na kiasi chake. Uchachu wa kwanza uliletwa na bakteria za asidi ya maziwa, ulevi ukaja na hamira iliyobaki katika chungu cha zamani au katika machicha ya mapishi yaliyopita. Ongeza hapo aina ya mbegu, mtama mwekundu au mweupe au uwele, siku ambazo kimea kiliachwa kikue, moshi wa kuni, na maji ya visima vya Dodoma ambayo mahali pengine yana chumvi ya kuhisika mdomoni. Nyumba mbili zilizopakana zingeweza kutoa vinywaji viwili visivyofanana, na nyumba hiyohiyo ingeweza kutoa tofauti mwezi wa pili yake. Kama bia ya kiwanda kidogo ni bia ya mapishi machache, yenye alama ya mkono wa aliyeipika na ya nafaka ya mahali, basi ujimbi ulizitimiza sifa hizo zote.

Habari zake zilisafirije? Kupika kulichukua wiki nzima au zaidi: kuloweka, kuchipusha, kuanika, kutwanga, kuchemsha, kuchachusha. Kwa hiyo dalili ilitangulia pombe kwa siku kadhaa. Tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo, na paa la namna hiyo ni mahali pa kuanikia nafaka. Kimea kikianikwa juani huonekana na kila apitaye. Kinu hakijifichi, wala moshi wa vyungu vikubwa. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyechapisha *Cattle and Kinship among the Gogo* mwaka 1969, anaonyesha watu ambao makazi yao yalihamahama na ambao ujirani wao ulidumishwa kwa kusaidiana na kushirikiana kazi na matambiko, na pombe imo katikati ya hayo. Aliyealika watu kupalilia au kujenga aliwaambia siku ambayo pombe ingekuwa tayari. Ni halali kuhitimisha kwamba walioalikwa walipima: nyumba yenye sifa ya pombe nzuri ilipata mikono mingi, na nyumba iliyojulikana kwa uji mchachu ilipata udhuru. Ujuzi wa nani anapika nini, na wiki hii yuko hatua gani, haukuwa anasa ya mtu mmoja mwenye mapenzi maalumu. Ulikuwa sehemu ya kujua kuishi na majirani.

Hapa wapo watakaopinga, na pingamizi lao la kwanza lina uzito. Justin Willis, katika *Potent Brews*, historia yake ya vileo Afrika Mashariki iliyotoka mwaka 2002, anasisitiza uhusiano wa pombe na mamlaka. Wazee wa kiume walikunywa kwa haki, vijana walizuiwa, wanawake walitwanga na kupika. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba mzee wa Kigogo aliyeketi mbele ya mtungi hakuwa mpenzi wa ladha. Alikuwa mwenye cheo anayepokea stahili yake, na kumfananisha na kijana wa Nairobi mwenye glasi mkononi ni kupamba historia. Ukweli wa mamlaka hayo haukataliki. Lakini cheo hakifuti ulimi. Kipaumbele cha mzee kilikuwa hasa kipaumbele cha kuonja kwanza na kutamka kama pombe imefaa, na hukumu hiyo isingekuwa na maana yoyote kama pombe zote zingekuwa sawa. Muhimu zaidi, ujuzi wenyewe haukukaa kwa wazee. Ulikaa kwa wanawake, waliojua kimea kikae siku ngapi na uji upoe kiasi gani, na historia yoyote ya pombe ya Ugogo inayowataja wanywaji tu imewaacha nje mafundi. Isitoshe, glasi ya bia ya kiwanda kidogo Dar es Salaam leo ina bei isiyomudiwa na wengi, na hakuna anayesema wanywaji wake hawana mapenzi ya kweli kwa sababu ya fedha zao.

Desturi hii ilivunjika kwa mapigo kadhaa, na pigo kubwa kuliko yote halikuhusu pombe hata kidogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na kisha Waingereza walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kutoka Ugogo, na mvua ikakosekana juu yake. Njaa iliyofuata, Mtunya, ilidumu kutoka 1917 hadi 1920, na wanahistoria wanakadiria kwamba ilimuua mtu mmoja katika kila watano. Nyumba inayokula mbegu haipiki pombe. Misimu kadhaa mfululizo ilipita ambamo mabinti waliopaswa kujifunza kazi hiyo kwa mama zao hawakuwa na cha kuchipusha, na wengi wa mama hao hawakuufikia mwisho wa njaa. Baadaye yakaja mafundisho ya kanisa. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na mwaka 1927 Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, ikiwa na msimamo mkali dhidi ya ulevi. Familia nyingi za Kikristo ziliiacha pombe kwa imani ya dhati, na imani hiyo inastahili heshima. Ila kila familia iliyoiacha ilikatiza pia mkondo mmoja wa ujuzi.

Pigo la tatu lilikuwa la kiutawala, na ndilo lenye sura mbili. Serikali ya kikoloni iliiingiza pombe ya mijini katika leseni, saa maalumu na mahali maalumu, yaani kilabu. Serikali huru ikaendeleza mtindo huo katika Sheria ya Vileo ya 1968. Kilabu kiliufuta msimu, kwa sababu mji unalipa mwaka mzima na mpishi wa mjini hununua nafaka badala ya kusubiri ya shambani. Mahindi na sukari vikaingia kwenye chungu kwa kuwa vilipatikana. Hata hivyo, kilabu kilifanya jambo ambalo kijiji hakikuwahi kulifanya: kiliwaweka wapishi kadhaa chini ya paa moja, kila mmoja na ndoo yake, na mnywaji akaweza kuonja, kulinganisha na kuhama. Kwa maoni yangu, kilabu kimeonewa na waandishi. Kimeelezwa kama mahali pa umaskini na ugomvi tu, ilhali ndiyo taasisi pekee ya mjini iliyoiweka hai tabia ya kuuliza pombe ya leo ni ya nani.

Bia ya chupa ilikuja na sifa iliyo kinyume kabisa. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Kampuni yake ikataifishwa mwaka 1967, na mwaka 1993 ikaingia ubia na South African Breweries. Katika awamu zote hizo ahadi yake kwa mnywaji ilikuwa moja: chupa utakayoifungua Mwanza ni sawa na utakayoifungua Dodoma. Hiyo ni kazi ya uhandisi inayostahili sifa. Lakini iligeuza kipimo cha ubora. Kubadilika, ambako kwa mpishi wa ujimbi kulikuwa uhai wa kazi yake, kukawa kasoro, na mnywaji akafundishwa uaminifu kwa nembo badala ya udadisi. Hakuna cha kufuatilia kwenye bia isiyobadilika. Ndiyo maana vizazi viwili vya wanywaji wa mjini wamekua wakiamini kwamba shauku ya bia mpya ni jambo la kigeni.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wanaoijua njaa. Katika nchi kama Ugogo, wanasema, kila debe la mtama lililoingia kwenye chungu cha pombe lilitoka mdomoni mwa mtoto, na kuisifu desturi hiyo karibu na maghala ya Kizota ni kukosa adabu. Iko miaka na ziko nyumba ambazo lawama hiyo ni ya haki. Lakini tazama kilichotokea serikali ilipojaribu kuunusuru mtama kama chakula peke yake. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, wakulima wa mikoa mikavu walihimizwa kulima mtama na uwele, na Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua kwa bei iliyotangazwa. Kufikia mwisho wa muongo huo shirika lilikuwa na shehena za mtama ambazo miji ilikataa kuzila, kwa sababu watu wa mijini walishazoea sembe na mchele. Kama ugali wa mtama ulipoteza heshima yake na mahindi yakaendelea kupandwa hata pale yanapokauka, ni nini kilichomfanya mkulima aendelee kutenga eneo la mtama kila mwaka? Chakula cha nyumbani, ndiyo, na tahadhari ya ukame. Lakini pombe pia, ambayo mahindi hayaipi ladha hiyohiyo. Hasa mtama mwekundu, wenye tanini inayowachukiza kweleakwelea na kuukaza ugali, umekuwa na sababu ya kubaki shambani kwa kuwa chungu cha pombe kiliuhitaji. Inaelekea mnywaji ameilinda mbegu inayostahimili ukame kwa muda mrefu kuliko sera nyingi.

La tatu ni usalama: pombe ya kienyeji ni chafu, na wapo waliokufa. Waliokufa wapo, na karibu mara zote kisa chao ni cha kinywaji kilichokenekwa au kilichotiwa kemikali. Gongo na ujimbi ni vitu viwili tofauti kwa asili. Pombe ya mtama iliyochemshwa, chachu, yenye kileo cha asilimia mbili hadi nne hivi, haina nafasi ya kukusanya sumu zinazokusanywa na mtambo mbovu wa gongo. Hatari yake halisi iko kwenye nafaka yenye ukungu na maji machafu, na hatari hizo zinapungua kwa ukaguzi. Marufuku huzificha tu. Marekani yenyewe inatoa fundisho hapa. Mwaka 1978 nchi hiyo kubwa ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika mia moja. Mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao, na wengi waliofungua viwanda vidogo katika miaka iliyofuata walijifunza kazi jikoni mwao. Leo viwanda hivyo vimepita elfu tisa. Shauku inayosemekana kutufikia kutoka Marekani ilianzia kwa wapika pombe wa nyumbani walioruhusiwa kufanya kazi mchana, na Dodoma haijawahi kukosa watu wa namna hiyo.

Viwanda vikubwa vimeshauona mtama. Nile Breweries ya Uganda ilianza kuuza Eagle Lager mwaka 2002, ikitumia mtama wa aina ya Epuripur na kupata nafuu ya ushuru kwa kutumia nafaka ya nchini. Nchini Kenya, Senator Keg ilifuata mwaka 2004, na serikali iliporudisha ushuru mwaka 2013 mauzo yakaporomoka na wakulima wa mtama wakabaki na magunia. Mkulima wa Dodoma anayepanda kwa ajili ya soko la viwanda anaelekezwa kwenye mtama mweupe, aina kama Macia iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 1999: hukomaa mapema, una punje safi, na hauna tanini. Kwa kiwanda ni chaguo la busara. Kwa pombe ya Ugogo ni hasara isiyoonekana haraka, kwani kila ekari ya Macia inayochukua nafasi ya mtama mwekundu inaondoa rangi na ukakasi ambao hakuna kimea cha shayiri kutoka nje kinachoweza kuurudisha.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umejaa watu wenye kipato na hamu ya kitu kipya, na haitachukua muda mrefu kabla mtu hajafungua kiwanda kidogo cha bia karibu nao. Atashawishika kuagiza hopsi na kimea kutoka ng'ambo na kupika bia ambayo ingeweza kupikwa Cape Town au Portland. Akitaka kupika bia ya Dodoma, vyote anavyohitaji viko ndani ya safari ya lori moja: kituo cha utafiti cha Hombolo, ambacho kimeshughulika na mtama na uwele kwa miongo mingi, wakulima wa Chamwino, Bahi na Kongwa, na wanawake wa vilabuni ambao bado wanapima joto la uji kwa mkono. Mtama mwekundu ndio atakaoupata kwa shida, na bei atakayoitangaza kwa ajili yake kabla ya mvua za Desemba ndiyo itakayoamua kama kutakuwa na mbegu ya kupanda.